Kabalagala za Sikukuu

Huko Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mihogo na ndizi ni vyakula vya kila siku, navyo vyatosha kuwafurahisha watoto siku ya Krismasi.

Ndizi tamu zilizoiva sana humenywa na kupondwa hata ziwe laini. Unga wa muhogo hutiwa kidogo kidogo, bila maji, mpaka donge lishikamane. Kisha donge husukumwa, hukatwa kwa mdomo wa bilauri, na vipande hukaangwa katika mafuta ya moto hata viwe hudhurungi.

Lakini muhogo mchungu una sumu. Sharti umenywe, ulowekwe siku tatu, ukaushwe kabisa juani, ndipo usagwe. Anayeharakisha kazi hiyo kwa ajili ya sikukuu ahatarisha maisha ya wageni wake.