Kabla ya Kununua Sauti: Namna ya Kuchagua Programu ya Simu kwa Mwenye Ulemavu wa Usemi

Mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye ulimi haumtii, hakosi la kusema. Hukosa njia ya kulisema. Programu za simu za kusaidia mawasiliano humpa njia hiyo: hugusa picha au huandika maneno, na simu ikatamka kwa niaba yake. Zipo za bure, na zipo zinazouzwa kwa zaidi ya dola 200 za Marekani. Hata hivyo, bei kubwa si dhamana kwamba programu itamfaa mtumiaji. Tunakushauri ukague mambo manne kabla ya kulipa.

1. Lugha. Programu nyingi zimetungwa kwanza kwa Kiingereza, ambacho maneno yake husimama mojamoja. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na ukanushi kwa pamoja. Mtoto akigusa "mimi", "taka" na "maji", simu haitatamka "nataka maji". Na "sitaki" huenda asiione kabisa. Asiyeweza kukataa hajapewa sauti kamili. Hakikisha unaweza kuongeza vitufe vyako, kama vile "sitaki", "naumwa" na "nisubiri", na kuvirekodia sauti ya mtu. Iandikie programu maneno "ng'ombe" na "nina njaa", kisha usikilize inavyoyatamka.

2. Mtandao. Zima data na Wi-Fi, kisha ujaribu programu. Ikinyamaza, itamnyamazisha mtumiaji pia kila mtandao unapokatika.

3. Hifadhi ya maneno. Mwaka 2012, nchini Marekani, programu iitwayo Speak for Yourself iliondolewa katika duka la Apple kwa sababu ya mgogoro wa hataza. Ilirejeshwa baadaye, lakini familia zilizoitegemea zilikuwa zimeingiwa na hofu ya kupoteza sauti za watoto wao. Kwa hiyo, uliza kama unaweza kutunza nakala ya vitufe ulivyotengeneza na kuihamishia kwenye simu nyingine. Uliza pia maneno ya mtumiaji yanahifadhiwa wapi na nani anayasoma, kwa kuwa mna ndani yake habari za afya na za faragha. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa hizo.

4. Malipo. Tambua kama unalipa mara moja au kila mwezi, na sauti itabaki au itazimwa malipo yakikoma. Anza na toleo la majaribio iwapo lipo. Ukinunua kupitia Google Play na programu isikufae, omba kurejeshewa fedha ndani ya saa 48. Tunza risiti.

Hofu ya wazazi. Wazazi wengi huuliza kama mtoto atakuwa mvivu wa kusema akizoea simu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalichunguza kwa kina watu 27 wenye ulemavu wa ukuaji waliotumia njia mbadala za mawasiliano: wengi waliongeza usemi, wachache hawakubadilika, na hakuna aliyepungukiwa. Usicheleweshe msaada kwa hofu hiyo. Ikiwezekana, mwone mtaalamu wa tiba ya usemi.

Zoezi. Kabla ya kununua chochote, chora kwenye karatasi picha 12 za mambo ambayo mtumiaji huyahitaji kila siku, zikiwemo za "ndiyo", "hapana" na "naumwa". Zitumieni kwa wiki moja nyumbani nzima, na ninyi mnaosema mkizigusa pia mnapozungumza naye. Andika maneno aliyoyatafuta asiyapate: hayo ndiyo utakayoyadai kwa muuzaji. Karatasi hiyo uitunze hata baada ya kununua, kwa maana haiishiwi chaji.