Likelemba ya Desemba na bonane ya mama mkwe

Mama Mshauri,

Ninauza mchele na maharagwe sokoni Butembo, mume wangu ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki. Kila Desemba zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, inafika, na yote inaishia kwenye vitenge vya sare vya familia nzima, kuku, kreti za bia na bonane, zawadi za mwaka mpya, za wakwe walioko Beni. Mwaka jana nilikopa dolari juu yake. Januari watoto wangu wawili wa sekondari wakafukuzwa darasani kwa ajili ya minervali, ada ya shule. Sasa tunakaa pia na shemeji, mkewe na watoto wao, waliokimbia vita Lubero. Nataka kupunguza, lakini mama mkwe atasema nimemfunga mwanawe mikono. Nikimwambia barabara ya Beni ni mbaya, nitakosea?

Mke wa Motari, Butembo

Binti yangu,

Utakosea. Beni inazika watu wake tangu Oktoba 2014, na Noeli ya 2021 bomu liliua watu waliokuwa wakisherehekea katika mgahawa mjini humo humo. Ukimwambia mama yule kwamba barabara ni mbaya, atadhani watu wanauawa tena, hatalala. Tena ni kilomita zipatazo 54 tu: motari yeyote aliyetoka kwenu asubuhi atakuumbua kabla ya chakula cha mchana.

Lakini barua yako imepita haraka mahali pamoja. Huyo shemeji, si mwana wa mama mkwe huyo huyo? Basi bonane yake unaitoa kila siku, kwenye sufuria. Wewe usilitamke hilo, litasikika kama masimango. Mume wako ndiye alitamke, na mapema, si tarehe 24: "Mama, mwaka huu tunawalisha wajukuu wako, hatutakuja na vitu vingi." Kisha amuulize anapungukiwa nini. Huenda sanduku lake limejaa vitenge na paa la jiko linavuja. Bati moja na mwana wa kulipigilia vitamfaa zaidi.

Vitenge vya sare vya watu wazima, achana navyo. Watoto ni jambo lingine. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, bidhaa za Dubai na Guangzhou zinaingia kupitia Kasindi, na mtoto aliyevaa nguo fupi kanisani siku ya Noeli anatazamwa. Wanaomtazama ni sisi wakubwa, tusijifanye. Mnunulie aliyebanwa na nguo zake, wa kwako au wa shemeji. Ila usithubutu kuwavisha wako nguo mpya huku wale wengine wakiwatazama, ndani ya nyumba moja.

Mke wa shemeji usimpe zawadi ya kufungua. Mpe beseni la mchele auze, akurudishie mtaji pole pole. Mtu anayekula kwa wengine kila siku anatamani kushika franga zake mwenyewe, hata kidogo.

Bia sina la kusema. Mume wako akitaka kreti, ainunue kwa pesa za pikipiki yake.

Na hiyo likelemba: zamu ya Desemba kila mtu anaililia. Nenda kwa mwenzako aliyepangiwa Januari, mbadilishane mbele ya mwenyekiti wenu. Atakubali kabla hujamaliza kuomba, na shule zikifunguliwa pesa ndiyo kwanza itakuwa inaingia mkononi mwako.