Kijana na Thamani Yake

Somo: 1 Samweli 16:1–13 na 17:28–40



Sisi tulio wafugaji twaielewa habari hii upesi kuliko watu wa mjini. Nabii Samweli afika nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme. Vijana saba wapita mbele yake, nao wote hawakuchaguliwa. Wa nane yuko machungani, baba yake hakuona haja ya kumwita. Samweli asema hawataketi mpaka kijana huyo aje.

Kwa nini hakuitwa? Maandiko hayasemi kwamba Yese alimchukia. Hakumhesabu tu, kwa kuwa alikuwa mdogo. Katika miji yetu wako watoto wengi wa namna hiyo: hawapigwi wala hawatukanwi, bali hakuna anayewauliza neno lolote.

Hata hivyo Yese alifanya jambo moja jema, pengine bila kujua. Alimwachia Daudi kundi. Katika sura ya 17 kaka yake Eliabu amdharau mbele ya askari kwa habari ya kondoo hao wachache, na Mfalme Sauli amwona kuwa ni mtoto. Daudi hajibu kwa majivuno. Ataja kazi yake, yaani simba na dubu aliowaua akilinda kundi la baba yake. Kisha avua silaha za Sauli, maana hakuzizoea, achukua fimbo yake na kombeo. Huko ndiko kujithamini tunakosema. Hakukuja kwa kusifiwa. Kulikuja kwa kazi ya kweli aliyokabidhiwa akaitimiza, na kwa kumjua Mungu huko machungani ambako hapakuwa na mtu wa kumwona.

Hapa kwetu Nyakunguru, na Tarime na Serengeti kwa jumla, vijana hupimwa kwa vipimo vizito. Mvulana hupimwa siku ya kutahiriwa: akilia mbele ya kisu, aibu hiyo yaweza kumfuata mpaka uzee. Msichana asiyekeketwa huitwa “msagane”, na jina hilo humfuata kisimani, shuleni, hata kwenye kwaya. Kuna wasichana waliotaka kukeketwa wenyewe, si kwa kuipenda mila, bali kwa kuchoka na jina hilo.

Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa letu ilifungua nyumba salama Mugumu, na wasichana wengi waliikimbilia wakati wa Desemba. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Mara wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 28. Twamshukuru Mungu, ingawa ni hatua fupi. Lakini sheria na nyumba salama haziwezi kumwondolea binti jina la dharau siku anaporudi nyumbani. Hilo ni juu yetu.

Na tuseme ukweli. Jumapili twaitikia “Amina” mahubiri yanapokemea ukeketaji, na jioni mtu akilitaja jina hilo kwa mzaha, twacheka. Binti aliyekaa jikoni asikia kicheko kile, naye hukiamini kuliko ile Amina.

Basi baba asingoje Desemba, wakati maneno ya ng'ombe yamekwisha kusemwa. Aseme mapema, mbele ya ndugu zake, kwamba binti huyu hatakeketwa, na kwamba ni mtoto wake kamili. Bibi naye asiachwe nje ya mazungumzo hayo. Mara nyingi yeye ndiye mwenye nguvu, na akishirikishwa aweza kuwa mtetezi wa kwanza.

Tena tuwakabidhi vijana kazi ya kweli. Binti na ashike daftari la mauzo ya mahindi. Mvulana aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba apewe sehemu ya shamba aisimamie mwenyewe, wala asilinganishwe kila siku na mtoto wa jirani. Ukimpa mtoto kuku, ni wake. Usimchinjie mgeni bila kumwuliza! Jambo hili laonekana dogo kwetu sisi wazazi, lakini kijana hulikumbuka miaka mingi. Akikosea, mwonye faraghani, si mbele ya rika lake. Na sifa za uongo tuziache, maana vijana huzitambua upesi.

Siku ya kipaimara Askofu huweka mkono juu ya kichwa cha kila mmoja peke yake, wala haulizi nani amepita kwenye kisu na nani hakupita. Walimu wa darasa hilo wazisome sura hizi mbili pamoja na vijana, kisha wamwulize kila mmoja: nyumbani kwenu umekabidhiwa kazi gani iliyo yako mwenyewe? Wale watakaokosa jibu, tutakwenda kuwatembelea wazazi wao.