"Sista, nilikosea wapi?"

Mwezi huu ninajibu swali ambalo mama mmoja alinijia nalo baada ya kliniki, wenzake walipokwisha kuondoka. Mtoto wake alizaliwa msichana na sasa ana miaka 19. Amewaambia wazazi kwamba tangu utotoni anajiona ni mwanamume. Baba alimfukuza. Jirani naye akasema mambo hayo huwapata wavulana tu, kwa hiyo msichana huyu anaigiza. Mama akaniuliza: "Sista, nilikosea wapi? Ni dawa nilizomeza nikiwa mjamzito? Au ni kwa sababu alivaa suruali za kaka zake?"

Sikumjibu haraka. Nikiwa mkunga kijana nilimpokea mtoto ambaye maumbile yake hayakuwa wazi, nami nikatamka "mwanamume!" kwa kutazama tu. Daktari alipompima alikuta ni wa kike. Familia ilikuwa imekwisha kumpa jina la babu. Kosa lilikuwa langu, taabu ikawa yao. Tangu siku hiyo nimejifunza kuwa mambo ya jinsia yanataka subira.

Tuelewane kwanza. Mtoto yule alikuwa huntha, yaani maumbile yake yalichanganyika. Kijana wa mama huyu mwili wake ni wa kawaida kabisa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Lakini tukijua jinsia inavyofanyika tumboni, yote mawili yataeleweka vizuri zaidi.

Jinsia hufanyikaje?

Katika wiki sita za kwanza, mimba ya kike na ya kiume hazitofautiani kwa umbo. Baadaye jeni moja iliyo katika kromosomu ya Y, ambayo wataalamu waliitambua mwaka 1990, huamuru korodani zianze kujengwa. Korodani hutoa homoni za kiume, nazo hujenga maumbile ya nje ya mvulana. Zisipokuwepo, hujengwa ya msichana. Kazi hiyo hufanyika hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Ubongo huendelea kukua kwa miezi mingi baada ya hapo, nao pia hupokea homoni hizo.

Kwa nini wote wawili?

Hapa ndipo jirani alipokosea. Mvulana na msichana huanzia mahali pamoja na kupita hatua zilezile. Kila mtu, mume au mke, ana homoni za kiume na za kike, ila kwa viwango tofauti. Kwa hiyo tofauti yaweza kutokea upande wowote. Wataalamu wengi wanaona kuwa urithi na homoni za tumboni vina sehemu katika jambo hili, ingawa hakuna chanzo kimoja kilichothibitishwa. Mapacha wanaofanana kabisa hupatwa wote wawili mara nyingi zaidi kuliko mapacha wasiofanana. Hata hivyo, mara nyingi hupatwa mmoja tu, kwa hiyo urithi peke yake hautoshi kueleza.

Je, daftari za kliniki zinasema nini? Zamani, katika nchi za Ulaya, waliofika kliniki kwa shida hii walikuwa zaidi wale waliozaliwa wavulana. Tangu miaka ya 2010, kati ya vijana, waliozaliwa wasichana wamekuwa wengi zaidi. Sababu zake bado zinabishaniwa. Lakini sisi wauguzi tunajua kwamba daftari huhesabu waliofika, si waliobaki nyumbani wakiogopa.

Je, ni malezi?

Mwaka 1965 alizaliwa mvulana huko Winnipeg, Kanada, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la David Reimer. Alipokuwa mchanga uume wake uliharibiwa katika tohara. Wazazi walishauriwa wamlee kama msichana, wakampa jina la kike, magauni na homoni za kike. Hakukubali kamwe moyoni. Alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14, alichagua kuishi kama mwanamume. Alijiua mwaka 2004. Wazazi wake walifanya kila walichoambiwa, lakini magauni hayakumfanya kuwa msichana. Basi, mama, suruali za kaka nazo hazikumbadili mwanao.

Tena, mtoto akipenda michezo ya jinsia nyingine msiogope. Wengi wao wanacheza tu.

Wazazi wafanye nini?

1. Msimpige wala kumfukuza. Kipigo hakibadilishi anavyojiona, na mtoto aliyefukuzwa huangukia mikononi mwa watu wabaya.

2. Akisema anataka kufa, msidhani ni kitisho. Mleteni hospitali siku hiyohiyo.

3. Asinunue homoni kwa siri. Zikitumiwa bila vipimo zinaweza kugandisha damu katika mishipa.

4. Msimwite kichaa. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali hii katika orodha ya magonjwa ya akili kwa uamuzi wa mwaka 2019, ulioanza kutumika 2022.

5. Mtoto mchanga ambaye maumbile yake hayako wazi apelekwe hospitali mara moja. Baadhi yao wana kasoro ya tezi zilizo juu ya figo, nao hupoteza chumvi mwilini. Akitapika, akilegea na kukonda katika wiki za kwanza, anaweza kufa, na dawa ipo. Msimfiche kwa aibu.

Maswali ya imani nawaachia mapadre wetu. La muuguzi ni hili: aliye mbele yako ni mtoto yuleyule uliyemnyonyesha.

Nilimwambia mama: "Hukukosea. Dawa zako zilikuwa za malaria na za kuongeza damu. Si hizo." Alilia, kisha akaomba nimwandikie maneno ya kumsomea mumewe. Sehemu kubwa ya ukurasa huu ni yale niliyomwandikia.

Mwezi uliopita alipita tena. Kijana anakaa kwa shangazi yake. Baba hajamruhusu kurudi, lakini wiki ile alimtumia debe la mahindi, akauliza kama anakula vizuri.