Barua Pepe na Saa za Kazi: Mafunzo Niliyopata Katika Ofisi ya Forodha

Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha Dar es Salaam. Mizigo tunayoitoa bandarini huenda Kigali, Bujumbura, Lubumbashi na Lusaka, na karibu kila hatua ina barua pepe yake: taarifa ya meli kufika, ankara, hati ya shehena, mteja anayeuliza kontena lake limefika wapi. Barua moja ikilala bila kujibiwa, siku ambazo kampuni ya meli humruhusu mteja kukaa na kontena bila malipo zinazidi kuyoyoma. Zikiisha, kila siku ina tozo.

1. Mjibu kwanza anayekaribia kufunga ofisi

Wengi hujibu barua kwa jinsi zilivyoingia, au huanza na zile nyepesi. Mimi huangalia kwanza saa ya upande wa pili. China iko mbele yetu kwa saa 5. Tunapofungua ofisi saa 2 asubuhi, Guangzhou ni saa 7 mchana. Tukitoka kwenda kula, wao wanarudi nyumbani. Hati ya shehena iliyokosewa jina la mpokeaji isiposhughulikiwa asubuhi, inangoja kesho, na kama ni Ijumaa inangoja Jumatatu. London iko nyuma yetu kwa saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya kiangazi, kwa hiyo barua yao ukiijibu alasiri hujachelewa. Katika yote ninayoyaandika hapa, hili ndilo lililowaokolea wateja wetu fedha nyingi zaidi.

2. Saa iandikwe pamoja na mji

Kigali, Bujumbura, Lubumbashi na Lusaka ziko nyuma ya Dar kwa saa 1. Kinshasa kwa saa 2. Tena saa nne yetu ya asubuhi, kwa mwingine ni saa kumi. Ninapopanga kikao huandika hivi: “Saa 4 asubuhi Dar es Salaam, yaani 10:00, Kigali 09:00.” Mstari mmoja tu, na hakuna anayekaa peke yake mtandaoni akiwasubiri wenzake.

3. Sanduku la barua lifunguliwe kwa zamu

Mwaka 2015 watafiti Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha utafiti ambao washiriki waliambiwa wasome barua pepe mara 3 tu kwa siku kwa wiki nzima, na wiki nyingine wasome watakavyo. Katika wiki ya mara 3 walihisi msongo mdogo zaidi. Nami hufungua asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, na alasiri. Katikati mlio umezimwa, nami nahakiki nyaraka, kazi isiyotaka akili iliyogawanyika. Wateja wanajua kwamba la dharura ni la kupigiwa simu.

4. Mada ibebe namba

Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Ikiwekwa kwenye mada pamoja na jambo lenyewe, kama “malipo” au “marekebisho ya hati”, barua itapatikana hata baada ya mwaka. Barua yenye mada “Habari” haipatikani. Na kila kontena liwe na barua yake.

Salamu, hata hivyo, isifutwe kwa kisingizio cha haraka. Mzee aliyekukabidhi mtaji wake anastahili “Shikamoo” kabla ya ankara.

5. Taja wa kutenda

Barua ikielekezwa kwa watu watano, kila mmoja hudhani mwenzake amejibu. Mwelekeze mmoja, wengine wapate nakala.

6. Usiku ni wa mwenyewe

Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutoshughulika na mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi. Kwetu, kijana aliyeajiriwa juzi akipata barua ya bosi saa 5 usiku atainuka kitandani aijibu, hata kama bosi hakutaka jibu usiku ule.

Programu nyingi za barua pepe sasa hukuruhusu kupanga saa ya kutuma. Wewe mkuu wa ofisi, kama fikra imekujia usiku, iandike isikupotee, kisha ipange itoke saa 2 asubuhi.