Kiti Changu Kikaenda kwa Rubani: Mafunzo Niliyopata

Naishi Marekani, na kazi ya ukaguzi wa hesabu hunirusha mara kwa mara kati ya Los Angeles na New York. Mwajiri hulipia daraja la kawaida tu; nikitaka kukaa mbele, natumia pointi nilizojikusanyia. Safari moja ya usiku nilitoa pointi, kiti cha mbele kikathibitishwa siku kadhaa kabla, namba yake ikaonekana kwenye pasi ya kupandia. Nilipofika getini karani akanichapia pasi nyingine: safu ya nyuma, kiti cha katikati. Kiti changu amepewa rubani anayesafiri. Tangu siku hiyo nimeulizia, nimesoma kanuni na nimeandika madai. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Wenye sare hawasafiri kwa utaratibu mmoja

Tukimwona rubani katikati ya abiria, wengi husema kimoyomoyo: huyo anakwenda kwao kwa tiketi ya bure. Wa aina hiyo wapo, lakini kuna wengine wawili.

Yupo anayesafirishwa kikazi. Shirika linampeleka mji fulani kwa kuwa kuna ndege huko inamsubiri airushe, au linamrudisha kituoni kwake baada ya zamu. Yuko kazini ingawa hagusi usukani. Yupo pia rubani wa ziada wa safari ndefu, anayepokezana na wenzake. Ndege isipokuwa na vitanda vya wafanyakazi, hupumzika kwenye kiti kilichotengwa kwa ajili yake; kiti hicho kikiharibika, huenda abiria akapoteza chake. Wa tatu ndiye anayeishi mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine. Huyu kwa kawaida husubiri mpaka wenye tiketi wapate nafasi, na zikikosekana huomba kiti cha kukunja ndani ya chumba cha marubani.

Kwa hiyo mulize karani kwa upole: rubani huyu anasafiri kwa utaratibu gani? Akiwa ni yule wa tatu, una kila sababu ya kupinga.

2. Uchovu wa rubani umeshaandikiwa kanuni

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walilaumu hasa namna nahodha alivyoitikia onyo la ndege kuishiwa mwendo. Lakini walibaini pia kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili awahi kazi Newark.

Familia za marehemu hazikunyamaza. Bunge likaagiza kanuni mpya za mapumziko, nazo zikaanza kutumika Januari 2014. Humo imeandikwa wazi kwamba muda ambao shirika linamsafirisha rubani kama abiria ni muda wa kazi, hauhesabiwi kuwa mapumziko. Kanuni hizo hazisemi, hata hivyo, kwamba rubani huyo akae daraja la mbele. Masuala ya kiti hupangwa kwenye mikataba kati ya mashirika na vyama vya marubani. Ukiambiwa getini kwamba "ni suala la usalama," huenda ukweli kamili ni kwamba ni suala la mkataba.

3. Ahadi ni deni, lakini madeni hayalingani

Kuna anayenunua tiketi ya daraja la biashara tangu mwanzo. Kuna anayenunua ya kawaida kisha akaongeza fedha. Kuna anayetoa pointi, kama mimi. Na kuna anayepandishwa bila malipo kwa sababu ni msafiri wa mara kwa mara. Kwenye simu wote wanne huandikiwa neno lilelile, "imethibitishwa." Kiti kikihitajika, wa nne ndiye mwepesi kuliko wote kuinuliwa, na wa kwanza ndiye mzito.

Hapa ndipo ninapolilaumu shirika, wala simlaumu rubani. Wao ndio wanaopanga zamu za marubani, na wao ndio waliosaini mkataba unaompa kiti. Kuthibitisha kiti hicho hicho kwa abiria ni kumuuza mbuzi mmoja kwa wanunuzi wawili.

4. Karani wa getini hana ufunguo wa kila kitu

Agizo la kumpa rubani kiti kwa kawaida hutoka ofisi inayopanga zamu, na karani analiona kwenye skrini kama unavyoliona wewe. Ukimfokea utaondoka na kiti cha katikati na jina baya. Yapo lakini mambo aliyo na uwezo nayo, na uyaombe kabla hujaingia ndani ya ndege: kiti bora kilichobaki, nafasi ya mbele katika ndege inayofuata, na maelezo kwenye rekodi yako kwamba umeshushwa bila hiari. Mimi niliomba kiti cha pembeni nikapata kimoja karibu na mlango wa dharura.

Pasi ya zamani usiitupe. Kama iko kwenye simu, ihifadhi kwa picha kabla haijabadilika. Pointi zangu hazikurudi zenyewe. Zilirudi baada ya kuandika barua na kuambatanisha picha hiyo.

Rubani mwenyewe muache. Hakuchagua kiti, na kesho asubuhi ataendesha ndege ya watu wengine.

5. Mashirika hubadilika yakiaibika

Tarehe 9 Aprili 2017, ndege ya United Express ilikuwa imejaa Chicago, tayari kwenda Louisville. Wakatokea wafanyakazi wanne waliotakiwa kusafirishwa. Abiria wakatangaziwa dola 400, kisha 800, ili wajitolee kubaki, hakuna aliyekubali. Wanne wakachaguliwa. Dk. David Dao, aliyekuwa na miaka 69, alikataa kushuka, na maofisa wa usalama wakamburura hadi nje mbele ya kamera za simu. Kabla mwezi haujaisha, United ilikuwa imemalizana naye nje ya mahakama, imepandisha dau la wanaojitolea hadi dola 10,000, na imetangaza kwamba wafanyakazi wanaosafirishwa watakatiwa nafasi angalau dakika 60 kabla ya ndege kuondoka.

Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote. Utaratibu huohuo wa kupanga mapema ungetosha kuwaepusha abiria na aibu ya kubadilishiwa kiti getini.

6. Sheria humlinda aliyeachwa kuliko aliyeshushwa

Marekani, abiria akizuiwa kupanda kwa sababu ndege imeuzwa kupita kiasi anaweza kulipwa, kutegemea ucheleweshaji, hadi dola 1,075 au hadi 2,150, viwango vilivyoanza Januari 2025. Aliyelipia daraja la juu akasafirishwa la chini anadai tofauti ya nauli. Lakini aliyepandishwa bila malipo kisha akashushwa, sheria haimwoni kuwa amepoteza kitu.

Ulaya wameenda mbele kidogo. Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inamrudishia aliyeshushwa daraja asilimia 30, 50 au 75 ya bei ya tiketi, kulingana na umbali, ndani ya siku 7. Ukinunua daraja la biashara kutoka Amsterdam hadi Dar es Salaam kisha ukakalishwa nyuma, kiwango chako ni asilimia 75. Wasafiri wetu wengi hupokea vocha, hushukuru na kuondoka, bila kujua wameacha nini mezani.

7. Kiti unachokihitaji, kinunue

Mwenye mgongo mbovu, au anayeshuka ndege asubuhi akaingia moja kwa moja mkutanoni, asitegemee pointi. Kama fedha hazitoshi, achague ndege ya mchana na kiti cha pembeni tangu anapokata tiketi. Pointi ni za safari ambayo ukikosa kukaa mbele huharibikiwi kitu.

Na ukinyang'anywa, andika. Eleza tarehe, namba ya safari, ulichotoa na unachotaka urudishiwe. Kanuni za Marekani zinalilazimu shirika likiri kupokea lalamiko la maandishi ndani ya siku 30 na kulijibu ndani ya siku 60. Malalamiko ya mdomoni getini hayana saa inayohesabu.