SOMO LA SHERIA KWA WANANCHI: Namna ya Kuulizia Hati ya Kukamata katika Kaunti ya Lamu



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi hulifahamu kwa hofu kuliko kwa elimu, nalo ni hati ya kukamata, ambayo watu wengi huiita waranti. Wapo wanaokaa mbali na mji miaka mingi kwa kudhani kwamba wanatafutwa, hali ya kuwa hakuna hati yoyote juu yao. Wapo na wengine wanaosafiri bila wasiwasi, kumbe mahakama ilikwisha kutoa amri wakamatwe tangu siku waliyokosa kufika mbele ya hakimu. Makundi yote mawili yanahitaji jambo moja, nalo ni kuujua ukweli mapema na kwa njia ya sheria.

1. MAANA YA HATI HIYO

Hati ya kukamata ni amri ya maandishi ya mahakama. Kifungu cha 102 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ya Kenya, Sura ya 75, kinataka iwe imetiwa saini na jaji au hakimu aliyeitoa na kupigwa muhuri wa mahakama. Ni lazima itaje kwa ufupi kosa linalodaiwa, imtaje mtu anayetakiwa au imweleze kwa sifa zake, na imwamuru anayepelekewa amkamate mtu huyo na kumfikisha mahakamani.

Kifungu hicho kinasema pia kwamba hati hudumu mpaka itakapotekelezwa, au mpaka itakapofutwa na mahakama iliyoitoa. Basi haizeeki wala haifi kwa kupita miaka. Tena yaweza kutekelezwa mahali popote katika Kenya, hivyo kuhama kutoka Kiunga kwenda Mombasa au Nairobi hakumwondolei mtu hati iliyotolewa Lamu.

2. NANI MWENYE MAMLAKA

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, wananchi wengi hupeleka kila shida yao katika ofisi za kaunti. Ifahamike kwamba mahakama na polisi ni vyombo vya taifa. Gavana, msimamizi wa wadi, chifu na mzee wa mtaa hawana uwezo wa kutoa hati ya kukamata wala wa kuifuta. Chifu aweza kuleta habari au kumshauri mtu, lakini neno la mwisho ni la mahakama. Hata afisa wa polisi aliyekabidhiwa hati kazi yake ni kuitekeleza, si kuisamehe.

Aidha, majalada ya jinai hayatafutwi katika Mahakama ya Kadhi. Mahakama hiyo husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Majalada ya jinai yako katika masjala ya mahakama ya hakimu.

3. HATI HUTOKANA NA NINI

Sababu iliyo kubwa katika sehemu zetu ni mtu kukosa kufika siku ya kesi. Tuchukue mfano. Mvuvi wa Kizingitini ameshtakiwa, akaachiliwa kwa dhamana, na mjomba wake akamdhamini kwa kuweka hati ya shamba. Siku ya kesi ikaangukia katika miezi ya kusi, bahari ikachafuka, na mashua isiondoke. Mvuvi akanyamaza, akidhani atapelekewa barua nyingine. Hakimu hakuiona bahari ile. Alichoona ni kwamba jina limeitwa wala hapana aliyeitika. Hapo mahakama yaweza kutoa hati ya kukamata, na mjomba akaitwa aeleze kwa nini asilipe fedha alizojifunga kwazo. Hivyo kimya cha mtu mmoja chaweza kutia hatarini shamba la ukoo mzima.

Sababu nyingine ni mshtakiwa kupuuza hati ya wito, au shahidi aliyeitwa kwa amri ya mahakama kukosa kufika bila ya udhuru. Watu wasidhani kwamba shahidi yu salama kwa kuwa yeye si mshtakiwa. Vilevile ziko hati zinazotokana na kesi za madai, kwa mfano deni lililokwisha kuhukumiwa. Hizo huulizwa katika majalada ya madai, si ya jinai.

4. HATUA ZA KUULIZIA

Kwanza, kusanya maelezo. Andika majina yote matatu kama yalivyo katika kitambulisho, nambari ya kitambulisho, nambari na mwaka wa kesi, jina la mahakama, na tarehe ya mwisho unayoikumbuka. Karatasi ya dhamana au risiti ya fedha zilizowekwa mahakamani mara nyingi huwa na nambari ya kesi. Ikiwa karatasi imepotea, muulize mdhamini wako.

Pili, ulizia katika masjala ya mahakama ambako kesi ilifunguliwa. Karani huweza kulitafuta jalada kwa nambari ya kesi au kwa jina. Ndani ya jalada mna kumbukumbu ya kila siku ya kesi pamoja na amri ya hakimu, na hapo ndipo huonekana kama hati ilitolewa, lini, na kama ilikwisha kufutwa. Pakiwa na ada ya kulisoma jalada, ilipe kwa njia rasmi na uchukue risiti. Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao ulianza Nairobi mwaka 2020 na ukaenezwa katika mahakama zote za nchi mwaka 2024. Hata hivyo, kwa kesi ya zamani usitegemee mtandao pekee. Jalada la karatasi ndilo litakalokujibu.

Tatu, ukihofia kwenda mwenyewe, mtume wakili, au jamaa unayemwamini akiwa na maelezo yote. Kuuliza si kosa. Lakini ukienda kwa miguu yako katika kituo cha polisi na hati ikawako, afisa ana wajibu wa kukukamata. Ndiyo sababu tunashauri uanzie mahakamani, tena ukiwa tayari.

Nne, hakikisha kwamba mtu anayetajwa ni wewe. Visiwani kwetu majina hurithiwa na hufanana, na katika mji mmodja wa Pate waweza kuwapata watu kadhaa wenye jina moja la baba na babu. Linganisha nambari ya kitambulisho, umri na makazi. Pakiwa na hitilafu, ielezwe mbele ya hakimu mapema, kabla mtu asiyehusika hajakamatwa.

Tano, usiitegemee hati ya mwenendo mwema kuwa ni jibu. Cheti hicho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya kuchukuliwa alama za vidole, wala hakichukui nafasi ya jalada la mahakama. Kadhalika, kukosekana kwa hati si dalili kwamba polisi hawakuhitaji, kwani sheria inawaruhusu kukamata bila ya hati katika makosa mengi, uchunguzi ukiwa unaendelea.

5. IKIWA HATI IMEPATIKANA

Usikimbie. Fika mbele ya mahakama iliyoitoa, asubuhi, siku ya kazi, ukiwa pamoja na mdhamini wako. Chukua ushahidi wa udhuru wako: karatasi za hospitali, cheti cha kifo cha mzazi, au barua ya kuthibitisha kwamba vyombo havikusafiri siku ile. Omba hati ifutwe na dhamana irejeshwe. Hakimu aweza kukubali, aweza kuongeza masharti, na aweza pia kuifuta dhamana na kuamuru uwekwe rumande. Hakuna awezaye kukuahidi matokeo. Lakini anayejileta mwenyewe ana hoja ambayo aliyekamatwa barabarani hana.

Zingatia vilevile kifungu cha 103, kinachoiruhusu mahakama kuandika juu ya hati yenyewe kwamba anayekamatwa aachiliwe akitoa dhamana ya kiasi fulani. Uliza kama hati yako ina maandishi hayo.

Hati ikifutwa, kazi haijaisha. Omba nakala ya amri iliyothibitishwa, uipeleke katika kituo cha polisi kilichokabidhiwa hati, na wewe ubaki na nakala nyingine. Karatasi ya zamani ikisahauliwa katika kabati la kituo, mtu aweza kukamatwa kwa amri ambayo haipo tena.

6. HAKI ZA ANAYEKAMATWA

Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila anayekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Haki ya kunyamaza. Na haki ya kuwasiliana na wakili. Afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24. Ikiwa saa hizo zitaishia nje ya saa au siku za kazi za mahakama, basi afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili waulizie msaada uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

7. TAHADHARI

Wako matapeli wanaopiga simu na kusema, “Nina hati yako hapa, tuma fedha niichane.” Mwenye kusema hivyo ni mwongo, au ni mla rushwa. Hati haifutwi kwa simu, na fedha za mahakama haziingii katika simu ya mtu binafsi. Muulize akutajie nambari ya kesi na jina la mahakama, kisha uende ukahakikishe katika masjala.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Hati ya kukamata hukoma lini?
2. Kwa nini chifu hawezi kuifuta hati?
3. Taja maelezo manne ya kuchukua unapokwenda masjala.
4. Mdhamini hupatwa na nini mshtakiwa akikosa kufika?
5. Baada ya hati kufutwa, nakala ya amri ipelekwe wapi, na kwa sababu gani?

Wananchi wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na wazee wasiojua kusoma, na hasa na wale waliowadhamini jamaa zao. Mdhamini ana haki ya kuijua tarehe ya kesi kama anavyoijua mshtakiwa. Aiandike, na akumbushe siku mbili kabla, ili mashua ipatikane mapema.